Mji Unaokula kwa Kukwamisha Watu

Ndugu zangu wa barazani, habari zimenifikia huku Kentucky kwamba hukumu mmeshaitoa: mtu aliyepata nafasi ya kuizunguka Marekani, akaiacha New York na maghorofa yake, akaiacha Washington na ikulu yake, akaenda kukaa Louisville, huyo ama kaishiwa hela ama kapotea njia. Naomba nijitetee kwa hoja, si kwa picha za simu. Nasema kwamba mji wa ukubwa wa kati ulio kando ya mto, usio na bahari, usio na mlima, usio hata na makao makuu ya jimbo lake, ndio unaofaa kutembelewa kuliko miji yote ya huku, kwa sababu hauna budi kukutafutia sababu ya kukaa. New York haina shida hiyo. Ukienda sawa, usipokwenda haijui kama upo. Louisville ukiondoka siku moja kabla ya wakati, nina hakika kuna mtu ofisini anaandika ripoti. Na ustadi huu wa kumkalisha mgeni haukuanzia kwenye hoteli wala kwenye mabango ya utalii. Ulianzia mtoni, na ulianza kama balaa.

Mto Ohio una urefu wa kilomita 1,579, kuanzia Pittsburgh hadi unapojimwaga ndani ya Mississippi, na katika urefu wote huo kuna kizuizi kimoja tu cha asili: maporomoko ya hapa Louisville. Msifikirie Victoria Falls. Ni ngazi za mawe ya chokaa ambapo mto unashuka mita nane hivi katika mwendo wa kilomita tatu na ushei. Mtu wa Rusumo angeyatazama akauliza bomba limepasukia wapi. Lakini kwa mashua iliyosheheni unga na tumbaku, mita nane zilitosha. Maji yakipungua, chombo kilisimama upande wa juu, shehena ikashushwa, ikapakiwa mikokoteni, ikazungushwa nchi kavu hadi chini ya maporomoko, ikapakiwa upya. Kazi hiyo ilitaka wapagazi, maghala, na nahodha mwenyeji anayejua kila mwamba. Na kwa kuwa haikumalizika kwa siku moja, ilitaka pia vitanda, chakula na kinywaji. Hapo mji ulikuwa umeshazaliwa, bado jina tu. George Rogers Clark alifika na wanajeshi wake na familia za walowezi mwaka 1778, na miaka miwili baadaye makazi hayo yakapewa jina la Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, kwa shukrani ya kuwaunga mkono Wamarekani dhidi ya Mwingereza. Mfalme mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1793. Mji haukuona sababu ya kubadilisha vibao.

Mji wa namna hii si mgeni katika dunia ya Kiswahili. Kisangani ni pacha wake. Vyombo vinavyopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilomita 1,700, na vikifika hapo safari imekwisha, maana mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma yanayofuatana. Ndipo Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake kutoka Unguja walipoweka kituo, na Kiswahili kikabaki hapo mpaka leo. Wabelgiji walipotaka kuyakwepa maporomoko walijenga reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, ikakamilika mwaka 1906. Kwa hiyo shehena iliendelea kushushwa na kupakiwa tena, na Kisangani ikaendelea kula. Wamarekani walifanya kosa ambalo Wabelgiji hawakulifanya: walilitatua tatizo lenyewe. Mwaka 1830 ulifunguliwa mfereji wa Louisville na Portland, na vyombo vikaanza kupita pembeni ya maporomoko bila kumwajiri mtu.

Mji ambao riziki yake ni mkwamo unafanya nini mkwamo ukiondolewa? Waulizeni wenye mikahawa ya Mtito Andei namna chai ya njiani ilivyokosa wanywaji abiria na mizigo ilipohamia kwenye treni ya kisasa kuanzia 2017. Louisville ilikataa kupungua. Haikupata jibu kwa siku moja, na kwa miaka mingi biashara ya meli za mvuke na baadaye reli iliibeba, lakini ukitazama ilivyojipanga katika robo ya mwisho ya karne ya 19 utaona mji unaojenga maporomoko mapya, safari hii kwa makusudi. Mwaka 1875 yalianzishwa mashindano ya farasi ya Kentucky Derby. Mwanzilishi wake ni Meriwether Lewis Clark Mdogo, mjukuu wa William Clark, yule ambaye mwezi Oktoba 1803 alikutana na Meriwether Lewis hapa hapa penye maporomoko ili waanze safari yao ya kwenda Bahari ya Pasifiki. Babu alikuwa mtu wa kupita. Mjukuu akaishi kwa kuwasimamisha wengine. Mwaka 1883 yakafuata Maonyesho ya Kusini, yaliyofunguliwa na Rais Chester Arthur, yakiwa na taa 4,600 za umeme za Thomas Edison, wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa hawajaona hata moja ikiwaka. Yalipangwa kwa siku 100. Yaliporudiwa na kurudiwa yakafika 1887. Edison naye alikuwa na historia na mji huu. Akiwa kijana, miaka ya 1866 na 1867, alifanya kazi ya simu za maandishi hapa, na inasimuliwa kwamba alifukuzwa baada ya tindikali yake ya majaribio kupenya sakafu na kudondokea meza ya bosi aliyekuwa chini. Miaka 16 baadaye mji ule ule ukamlipa awashe taa. Hakuna anayesamehe upesi kama mwenye vyumba vya kupangisha.

Itazameni Derby yenyewe kwa jicho la mhasibu. (Shekhe wetu asinune, nazungumzia uchumi, sizungumzii kamari.) Jumamosi ya kwanza ya Mei, watu wapatao 150,000 wanajazana kwenye uwanja wa Churchill Downs kutazama farasi wakikimbia kilomita mbili. Kilomita mbili za farasi ni dakika mbili. Farasi Secretariat, aliyeweka rekodi mwaka 1973 ambayo haijavunjwa, alitumia hata pungufu kidogo. Mpira wa miguu unachukua dakika 90, na filimbi ya mwisho ikilia kila mtu anatafuta daladala. Derby inachukua dakika mbili na inauza vyumba vya hoteli kwa siku tatu, tena kwa bei ambayo mwenye hoteli akiitamka inabidi atazame pembeni. Wiki kadhaa kabla kuna fataki juu ya mto. Jumatano ya wiki yenyewe kuna mashindano ya meli za mvuke. Ijumaa kuna mbio za farasi majike. Halafu kuna kofia. Mwanamke anavaa kofia pana kama ungo, imepandwa maua na manyoya, na aliyeketi nyuma yake anazipata mbio kwa kusimuliwa. Wala halalamiki, kwa sababu hakuja kwa ajili ya farasi. Ufupi wa jambo lenyewe ndio siri yake: tukio refu humchosha mtu akaenda kulala, tukio la dakika mbili humwacha na siku nzima mkononi na pochi mfukoni.

Wageni wa kongamano ni sura nyingine ya akili hiyo hiyo. Farasi wanakimbia mwezi Mei, lakini vitanda viko mwaka mzima, na Februari ya Kentucky si mwezi wa kumvuta mtu yeyote mwenye akili timamu. Basi mwezi huo, tangu 1966, kuna Maonyesho ya Kitaifa ya Mashine za Kilimo. Wakulima wanatoka majimbo ya mbali kuja kutazama matrekta yaliyosimama, na jioni wanalipa kiingilio kutazama matrekta yanayokokota uzito mpaka yashindwe. Ni Nanenane yenye paa na kipasha joto. Novemba inakuja zamu ya mifugo, na ng'ombe wanaoshwa kwa shampuu, wanakaushwa kwa mashine ya nywele na kuchanwa kwa uvumilivu ambao mabibi harusi wengi hawajawahi kufanyiwa. Katikati ya mji kuna jengo jingine, la mikutano ya watu wenye suti, lililofunguliwa upya mwaka 2018 baada ya ukarabati wa dola milioni 207. Limeunganishwa na hoteli kubwa kwa vijia vya vioo vinavyopita juu ya barabara, kwa hiyo mjumbe anaweza kutoka kitandani, akasikiliza hotuba kuhusu mabomba ya maji taka, akala, akarudi kitandani, kwa siku tatu, na mvua isimguse hata ukucha. Kifuani ananing'iniza kadi: jina la kwanza kwa herufi kubwa, la ukoo kwa herufi ndogo, kampuni chini yake. Mtu anayemsalimia anaisalimia kadi. Akiona kwamba mwenye kadi hauzi wala hanunui, anaagwa kwa tabasamu safi kabisa, na mazungumzo yote yametumia muda pungufu ya Derby.

Najua hapo watu wa semina mtacheka, maana kwetu mshiriki hulipwa posho ili aje, na huku mshiriki, au mwajiri wake, hulipa ada ili aruhusiwe kuingia. Msicheke upesi. Mwenzenu aliyelipiwa posho anahesabu siku za kuondoka. Huyu aliyelipa ada anahesabu alichokipata, na asipokipata ukumbini anakitafuta mjini. Ndiyo maana pingamizi la kwamba wajumbe wa kongamano hawauoni mji, wanaona zulia tu, lina ukweli wa mchana peke yake. Jioni wanamwagika mitaani na kadi zao wamesahau kuzivua. Wanakwenda Hoteli ya Brown kula chakula kilichobuniwa hapo mwaka 1926 kwa ajili ya wacheza dansi waliokuwa wakishuka saa za usiku wa manane na njaa. Ni mkate mnene uliobanikwa, juu yake minofu ya bata mzinga, juu ya minofu mchuzi mzito wa siagi, unga, maziwa na jibini, unaomiminwa mpaka mkate usionekane, kisha sahani nzima inasukumwa kwenye moto wa juu mpaka mchuzi uchemke pembeni na kufanya madoa ya kahawia. Nyanya zinaingia, na mikanda miwili ya nyama ya nguruwe inalazwa juu kama mkasi uliofunguliwa. Mikanda hiyo ndugu zangu Waislamu mwombeni mpishi aiache jikoni kabla sahani haijaandaliwa. Mtu akimaliza sahani hiyo usiku, ndege ya asubuhi haiwezi. Mji umeshinda siku nyingine.

Hata kinywaji chao kikuu ni biashara ya kukwamisha. Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa nafaka ambazo asilimia 51 au zaidi ni mahindi, na iwekwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Kentucky inatengeneza sehemu kubwa mno ya bourbon yote duniani, na mapipa yaliyolala kwenye maghala yake ni mengi kuliko wakazi wa jimbo. Mahindi yale yale ambayo sisi tunayasonga na kuyamaliza mchana huo huo, wao wanayafungia miaka mingi, sehemu yake inapotelea hewani kidogo kidogo kila kiangazi, na kilichobaki kinauzwa ghali kwa sababu kimesubiri. Mgeni anapelekwa ghalani akaoneshwe mapipa hayo yasiyofanya lolote. Analipa. Anatoka ameridhika.

Sasa pingamizi la wenye busara: yote haya ni maigizo. Mji umejipamba kama sanduku la zawadi. Pale Main Street kuna rungu la besiboli la chuma lenye urefu wa mita 36 na uzito wa tani 30 hivi, limeegemezwa kwenye ukuta wa kiwanda cha marungu halisi, na kazi yake ni moja tu, kumfanya mpita njia asimame apige picha. Ni kweli, ni maigizo. Lakini kuna maigizo ya kumdanganya mtu na kuna maigizo ambayo kila aliyeketi anajua ni maigizo, na rungu la mita 36 halimdanganyi mtu. Isitoshe, ukichunguza nyuma ya mapambo mara nyingi unakuta kitu cha kweli kilichookolewa kwa ajili ya wageni. Meli ya Belle of Louisville, inayowazungusha watalii mtoni, si mfano wa meli ya mvuke. Ni meli ya mvuke, iliyoundwa mwaka 1914, ikafanya kazi ya kivuko na kubeba mizigo, ikachakaa, na mwaka 1962 kaunti ikainunua mnadani kwa dola 34,000 huku walipa kodi wakiguna. Leo gurudumu lake la nyuma bado linasukumwa na mvuke, na juu ya sitaha kuna kinanda cha mvuke kinachopiga nyimbo kwa sauti ya birika ishirini zinazochemka kwa pamoja na kila moja ikiwa na maoni yake. Bila mtalii wa kulipa nauli, meli hiyo ingekuwa chuma chakavu. Tumeona pwani yetu nyumba ngapi nzuri zikianguka kwa kukosa hata mtu wa kuzifanyia maigizo?

Pingamizi zito zaidi nililiweka pembeni makusudi, kwa sababu halichekeshi. Mto huu ulikuwa mpaka. Upande wa kaskazini, Indiana, ulikuwa wa watu huru. Upande wa Kentucky ulikuwa wa utumwa, na Louisville ilikuwa soko ambako watu weusi walinunuliwa, wakafungiwa, wakasafirishwa kwa mto hadi mashamba ya pamba na miwa ya kusini. Ukarimu wa mji huu ulikuwa na orodha ya wanaostahili. Aliyeshinda Derby ya kwanza, Oliver Lewis, alikuwa mweusi, na wapanda farasi 13 kati ya 15 wa siku hiyo walikuwa weusi. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, kisha ubaguzi ukawafukuza wenzake uwanjani mmoja mmoja mpaka watu wakasahau kwamba mchezo huo ulikuwa wao. Januari 1937 mto ulifurika ukaufunika mji karibu asilimia 70, na mpiga picha Margaret Bourke-White akapiga picha iliyoizunguka dunia: watu weusi wamepanga foleni ya chakula cha msaada, ndoo na vikapu mikononi, na nyuma yao bango kubwa la familia ya Wazungu wanne na mbwa wao ndani ya gari, wote wanatabasamu, maneno ya juu yakijisifu kwamba hakuna nchi yenye maisha bora kuliko Marekani. Ni Louisville hiyo. Anayesema nisiusifu mji wenye historia hii namwelewa. Ninachomjibu ni kwamba historia hii huku unaikuta mtaani, kwa majina na miaka, na kwamba mtu mashuhuri kuliko wote waliozaliwa hapa alitokana nayo moja kwa moja.

Tena alitokana na maonyesho. Oktoba 1954 mtoto wa miaka 12 aitwaye Cassius Clay alikwenda na rafiki yake kwenye maonyesho ya wafanyabiashara weusi, ambako kulikuwa na bisi za bure. Walipotoka, baiskeli yake nyekundu ilikuwa imeibwa. Akaelekezwa kwa polisi aliyekuwa chini ya jengo hilo hilo, Joe Martin, akamwambia kwa machozi kwamba akimpata mwizi atamcharaza. Martin alikuwa akifundisha vijana ngumi huko chini, akamshauri ajifunze kupigana kwanza. Miaka 20 baadaye, 30 Oktoba 1974, mtoto huyo, sasa akiitwa Muhammad Ali, alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Mniambie sasa kwamba makongamano na maonyesho hayazai kitu. Mwaka 2005 mji ulimfungulia jumba la makumbusho karibu na mto, mwaka 2016 ulimzika katika makaburi ya Cave Hill, na mwaka 2019 uwanja wa ndege ukapewa jina lake, hivyo mgeni anakwamishwa na Ali kabla hajachukua begi. Cave Hill kwenyewe ni kituo cha utalii, maana humo humo amelala pia Kanali Sanders, mzee wa kuku wa kukaanga. Mmoja aliwapiga watu, mwingine aliwalisha, na ramani ya wageni inawapitisha kwa wote wawili.

Wapo watakaosema mto wenyewe umekufa, umebaki pazia la nyuma kwenye picha. Wana sababu ya kudhani hivyo. Baada ya mafuriko ya 1937 ulijengwa ukuta wa kuzuia maji, kisha barabara kuu namba 64 ikapitishwa juu ya nguzo ukingoni, na kwa miongo kadhaa mji ulikaa umeupa mgongo mto uliouzaa. Bustani ya ukingoni ilianza kufunguliwa miaka ya 1990 ndipo watu wakarudi majini. Lakini simameni juu ya Daraja la Big Four. Ni daraja la reli la 1895, lililoua wafanyakazi 37 wakati wa kulijenga, likaachwa bila treni tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2013 likafunguliwa kwa watembea kwa miguu. Unavuka jimbo kwa viatu vyako. Chini yake matishali 15 yaliyofungwa pamoja yanapita taratibu yakielekea kwenye malango ya mfereji, makaa ya mawe, nafaka na kokoto juu yake, mzigo ambao ungehitaji malori zaidi ya elfu moja. Hayasimami mjini, hilo nakubali. Vinavyosimama siku hizi ni vifurushi. Tangu miaka ya 1980 kampuni ya UPS inakusanyia ndege zake hapa usiku, na kituo chake kina uwezo wa kuchambua zaidi ya vifurushi 400,000 kwa saa kabla ndege hazijaruka tena alfajiri. Kiatu kilichoagizwa Florida na mtu wa Chicago, kikisafirishwa kwa ndege, huenda kikalala Louisville saa chache. Kushusha, kuzungusha, kupakia upya: kazi ya 1780, bila mikokoteni.

Na kazi hiyo, kama mlivyokwisha kukisia, ina watu wake. Kiswahili mtakisikia Louisville, cha Bukavu na cha Bujumbura zaidi kuliko cha Tanga, kwa sababu mji umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, wengine wakiwa wamepitia kambi zetu za Nyarugusu na kwingineko Kigoma. Hao hawakuja kutazama farasi. Lakini mtu wa Kisangani akiusogelea mto huu na kuambiwa kwamba mji umekaa hapa kwa ajili ya maporomoko, haombi maelezo zaidi.

Limebaki lile la watu wa pwani, ambalo nalisikia kabla hamjalitamka: mji bila bahari si mji. Nina habari njema. Bahari ilikuwapo. Upande wa pili wa mto, Clarksville, Indiana, maji yakishuka kuanzia Agosti hadi Oktoba hujitokeza uwanda mpana wa matumbawe yaliyogeuka mawe, mabaki ya bahari ya joto iliyokuwa hapa yapata miaka milioni 390 iliyopita. Mtu aliyewahi kuzitazama kuta za Kilwa au Lamu kwa karibu atayatambua maua yale ndani ya jiwe bila kuonyeshwa. Ndiyo yaliyofanya maporomoko, na maporomoko yakafanya mji. Kwa hiyo msije Mei, hamtaweza bei, njooni Septemba. Ila kuna sharti: kuokota ni marufuku, hata kipande cha ukubwa wa kidole. Shangazi wa Pangani, ambaye hajawahi kupita ufukweni bila kurudi na makome, aambiwe mapema kwamba mkoba ule mkubwa anauacha hotelini, na msimruhusu kuvaa lile koti lenye mifuko ya ndani.